Kibangwa cha babu

Isevya, Tabora

Shoga yangu Asha,

Mwangaluka! Za Mwanza? Wanao hawajambo? Huku wazima, ila mama miguu inamsumbua tangu mvua zianze. Nakuandikia kwa haraka, kuna jambo linaninyima usingizi.

Baada ya arobaini ya babu tulifungua lile sanduku lake la bati kule Uyui. Chini kabisa, kwenye kitambaa chekundu, tukakuta kibangwa, kile kisahani cha gamba la konokono wa baharini walichovaa watemi, machifu wetu. Nilikishika, Asha. Kinaenea kiganjani, kimelainika mpaka kinateleza, ukingo umeingia manjano kwa jasho la waliokivaa, na mizingo ya konokono bado inaonekana upande mmoja. Kombe la Bahari ya Hindi, likapandishwa na misafara hadi Unyamwezi, likawa alama ya mtemi! Serikali ilifuta utemi mwaka 1963, babu akaendelea kukitunza. Alikitoa siku ya tambiko tu.

Sasa kaka Juma kapata mnunuzi kutoka Dar, anataka tuuze tugawane. Shangazi naye, tangu aokoke, anasema kichomwe moto. Nilimsihi akiache tu sandukuni, akaanza kuniombea palepale, basi nikanyamaza. Mzee Kapela kajitia kati, unamjua, nyumba nzima ikawa makelele.

Mimi nasema kisiuzwe wala kisichomwe. Kile ni cha ukoo, babu alikuwa mtunzaji tu. Kiti cha enzi cha mtemi wa Buruku, huku kwetu Unyamwezi, kiko Berlin tangu enzi za Wajerumani, wanetu wanakiona pichani. Hiki hajatunyang'anya mtu, halafu tukitoe kwa mikono yetu wenyewe? Tena mnunuzi akikivusha nje bila kibali anavunja Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, nimemwambia Juma, anasema namtisha. Pesa yenyewe itaisha kabla ya mavuno. Kibangwa kikiondoka, siku ya tambiko wazee watashika nini?

Yule binamu yako wa makumbusho bado yuko kazini? Wanaweza kututunzia, ukoo ukabaki na haki ya kukichukua siku zetu? Tutaandikishana wapi, na nani atie sahihi? Na wewe huwezi kupanda basi uje kwenye kikao Jumapili? Juma anakusikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi. Kama huwezi, mpigie simu leo hii, mnunuzi anakuja Jumatatu.

Shoga yako,
Zuhura