Mguu uliovunjika ulikuwa ukipona

Mhariri,

Katika toleo la juma lililopita msomaji mwenzangu aliwacheka Wamarekani waliokuwa wakipeleka maua, tufaha na karoti hospitalini kwa ajili ya farasi wa mbio aliyeitwa Barbaro, akamaliza kwa kusema kwamba yote ilikuwa kazi bure, kwani farasi aliyevunjika mguu hana dawa ila risasi. Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu. Sina haja ya kuwatetea matajiri wa mbio za farasi, lakini kisa alichokitaja amekielewa kinyume. Mguu uliovunjika ulikuwa ukipona. Maradhi yaliyomwua farasi yule yalianzia katika mguu mzima, na hao aliowacheka walilijua jambo hilo kwa sababu walifuatilia habari zake siku baada ya siku kwa zaidi ya miezi minane.

 Tarehe 6 Mei 2006 Barbaro alishinda Kentucky Derby, mbio mashuhuri za farasi za Marekani, mjini Louisville kwa kumwacha wa pili umbali wa farasi sita na nusu, pengo ambalo halikuwa limeonekana katika mbio hizo tangu 1946, na kufikia siku ile alikuwa amekimbia mara sita na kushinda mara zote sita. Wiki mbili baadaye alipelekwa Baltimore kwa mbio nyingine kubwa, za Preakness, ambako watu zaidi ya laki moja walikuwa wakimngoja. Alichomoka langoni kabla ya wakati, akarudishwa, na mbio zilipoanza kwa kweli hakufika mbali. Mpandaji wake, Edgar Prado kutoka Peru, alihisi mwendo umeharibika, akavuta hatamu, akashuka na kumshikilia asizidi kuukanyagia mguu wa nyuma wa kulia. Mifupa ilikuwa imevunjika pahali zaidi ya pamoja, na mmoja wao, ule ulio chini ya kifundo, ulikuwa umepasuka vipande zaidi ya 20.

Msomaji mwenzangu anasema kweli kwamba desturi katika hali kama hiyo ni kumwua mnyama pale pale uwanjani, ila hakueleza kwa nini. Kuunga mfupa wa farasi si kazi iliyowashinda madaktari. Kinachowatisha ni saa ile anapozinduka. Mwaka 1975, jike mashuhuri aliyeitwa Ruffian alivunjika mguu wa mbele akishindana huko Belmont, New York, akafanyiwa upasuaji, lakini dawa ya usingizi ilipokwisha nguvu alianza kutupa miguu kana kwamba bado yumo mbioni, akaiharibu plasta na mguu pamoja, ikabidi auawe usiku ule ule. Barbaro alipelekwa New Bolton Center, hospitali ya wanyama wakubwa ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na kesho yake daktari Dean Richardson akamwekea bamba la chuma na skrubu 27. Kisha aliinuliwa kwa mikanda akiwa bado usingizini, akateremshwa bwawani ndani ya boya lenye nafasi nne za kupitishia miguu, ili atakapoamka na kurusha mateke ayarushe majini. Aliamka, akatulia, akapelekwa bandani mwake.

Kutoka hapo watu wakaanza kumfuatilia. Binti wa dada yangu alikuwa akiishi Pennsylvania wakati huo, na ndiye aliyenisimulia jinsi uzio wa hospitali ulivyojaa kadi na vitambaa vyenye maandishi ya kumtakia afueni, nami nikawa namwuliza habari za farasi kabla ya kumwuliza habari za watoto, jambo ambalo alilinuna kwa haki. Hata hivyo, kadi hizo si ndizo zilizonivutia. Kilichonivutia ni kwamba hospitali ilitoa taarifa mara kwa mara, na taarifa zenyewe hazikuwa za kubembeleza. Tangu siku ya kwanza Richardson alisema kwamba matumaini ya kupona na ya kufa yalikuwa nusu kwa nusu. Katikati ya Julai, wakati mashabiki walipokwisha kuzoea habari njema, alijitokeza na kusema waziwazi kwamba hali imekuwa mbaya sana, kwa sababu ukwato wa mguu wa nyuma wa kushoto, ule ambao haukuguswa na ajali, ulikuwa umeshikwa na laminitisi, yaani uvimbe wa tando zilizo ndani ya ukwato, na daktari alikuwa amelazimika kuondoa kiasi cha asilimia 80 ya ukuta wake.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji mwenzangu atulie kidogo. Ndani ya ukwato mna tando nyembamba nyingi zinazoushika mfupa wa mwisho wa mguu, mfano wa kucha ya mwanadamu inavyoshikamana na nyama. Tando hizo huhitaji damu, na damu huzunguka vizuri pale mnyama anapotembea, yaani anapokanyaga na kuinua, kukanyaga na kuinua. Farasi mwenye uzito wa kilo mia tano hawezi kulazwa chali kitandani kama mgonjwa wetu. Ni lazima asimame, na akiuonea huruma mguu mmoja huuelemea wa pili kutwa na kucha bila kuuinua. Tando hukosa damu, huvimba, huachia, na mfupa ukaanza kubanduka kutoka katika ukwato unaoubeba mwili. Sisi wa Lamu, ambao mawe na mchanga wa nyumba zetu hubebwa na punda, na ambao tumekuwa na hospitali ya punda tangu 1987, tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi. Mzee wetu mmoja, punda alipochechemea, alikuwa akiutazama mguu mbovu mara moja tu, kisha akainama na kuweka kiganja juu ya kwato za miguu iliyobaki ili asikie kama zina joto. Tulidhani amechanganyikiwa.

Kwa hiyo waliokuwa wakisubiri habari za Barbaro hawakuwa wakiuliza tena kama mfupa umeunga. Waliuliza ukwato umeota kiasi gani, na ukwato huota polepole kiasi cha kumchosha mtu mwenye subira. Kufikia Agosti aliweza kutolewa nje kila siku kula majani akiwa ameshikwa kamba. Novemba plasta ya mguu wa kulia iliondolewa, na baadaye kukawa na mazungumzo ya kumhamishia pahali penye hewa laini zaidi kuliko baridi ya Pennsylvania. Januari mambo yakageuka: ukwato wa kushoto ulirudi nyuma, mguu wa kulia uliobebeshwa uzito huo nao ukafanya jipu ndani ya ukwato, na mwishowe laminitisi ikajitokeza katika miguu yote miwili ya mbele. Hakubaki na mguu wa kusimamia. Asubuhi ya tarehe 29 Januari 2007 wenye farasi, Roy na Gretchen Jackson, walikubaliana na daktari kwamba maumivu yamepita kiasi, akadungwa sindano ya mwisho.

Liko swali ambalo msomaji mwenzangu hakuliuliza ingawa lilistahili kuulizwa, nalo ni kama fedha ndizo zilizomweka hai. Dume aliyeshinda Kentucky Derby huwa na thamani kubwa kwa kupandishwa, na kanuni za farasi wa mbio wa asili hiyo haziruhusu jike kutiwa mbegu kwa mrija. Dume lazima apande mwenyewe, akisimamia miguu ya nyuma. Sitaki kujifanya kwamba hesabu hiyo haikupita kichwani mwa mtu yeyote. Lakini mtu anayetafuta faida hangemsimamisha daktari mbele ya kamera mwezi Julai aeleze kwamba kitega uchumi chake kinaoza ukwato. Wala sikubaliani na wale waliodai kwamba mapenzi ya mashabiki ndiyo yaliyorefusha mateso. Siku ilipofika, wenye farasi hawakuwapigisha watu kura. Walimaliza jambo asubuhi ile ile, na barua za huzuni zikafuata baadaye.

Kuhusu hoja ya kazi bure, naomba niseme machache. Watu wa kawaida, ambao wengi wao hawajawahi kukaa juu ya tandiko, walichangia mfuko uliopewa jina la Barbaro kwa ajili ya hospitali ile, na familia ya Jackson ikatoa dola milioni 3 ili chuo kikuu kiwe na nafasi ya kudumu ya profesa wa utafiti wa maradhi ya farasi, iliyopewa jina la Richardson. Laminitisi, ambayo zamani ilikuwa neno la wenye mazizi peke yao, ikawa jambo ambalo muuza duka angeweza kukueleza. Mimi ni mwalimu mstaafu, na sikuwahi kufaulu kulifundisha darasa langu somo moja kwa miezi minane mfululizo likiwa na usikivu kama ule.

Nina ombi moja kwako pia, Mhariri. Mbio za farasi za Ngong, Nairobi, huandikwa katika magazeti yetu kwa jina la mshindi, na pengine la aliyeanguka. Mwandishi wako atakapopata habari ya farasi aliyeumia, asiridhike na kuambiwa kwamba mguu umefungwa plasta na mnyama anaendelea vizuri. Amwulize daktari habari za miguu mitatu iliyobaki, arudi baada ya wiki, amwulize tena.

Majivu ya Barbaro yalizikwa Louisville, nje ya lango la uwanja wa Churchill Downs, kwa kuwa wenyewe walitaka kila mtu aweze kumzuru bila kulipa kiingilio. Mwaka 2009 ilisimamishwa juu yake sanamu ya shaba, naye anaonekana akiwa katikati ya mwendo, kwato zote nne zikiwa hewani.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Lamu