Asante, fundi wa Gerezani

Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, uliyekataa hata hela ya soda, asante. Tanuri letu la gesi la kupashia chuma lilitoa ulimi mrefu wa moto wa njano mdomoni, mtungi unaisha upesi, chuma hakifiki hata rangi ya chungwa. Ulizima moto, ukaacha presha kwenye mpira, ukapaka povu la sabuni kwenye viungio kutafuta uvujaji. Kumbe jeti, kile kitundu kinachorusha gesi, imeenda upande! Ukainyoosha ielekee katikati ya bomba, kisha ukafungua hewa kidogo kidogo mpaka moto ukafupika na kugeuka samawati. Ukaonya: hewa ikizidi, chuma huota magamba. (Na milango ibaki wazi, kaboni monoksidi haina harufu.) Mafundi, mkiona moto wa njano kwa jirani, msipite kimya.