Kwa nini hatuoshi ukuta wako kwa presha kubwa

Wiki iliyopita mteja wetu wa Mbezi Beach aligoma kumalizia malipo. Alikaa barazani akawatazama vijana wakipulizia dawa, wakisubiri, kisha wakisuuza kwa presha ndogo. "Jiki na maji tu! Hata mashine ya presha hamkuifungulia kwa nguvu. Hiyo 150,000 ni ya nini?" Si wa kwanza kutuuliza, ndiyo maana tunajibu hapa.

Ule ukungu wa kijani na mweusi unaoganda ukutani baada ya masika ni kitu hai. Presha kubwa inaukwangua juu juu tu. Uliojificha kwenye vitundu vya plasta unabaki, na vuli ikianza unaota upya, rangi nayo imeshabanduka. Anayeua ukungu ni jiki, mashine kazi yake kusuuza.

Jiki yenyewe ina vipimo. Ya asilimia 3.5, lita moja tunaitia lita mbili na nusu za maji, ukuta upate asilimia moja, na sabuni ya maji kidogo ili dawa isichuruzike upesi. Tunachanganya asubuhi ileile, kivulini, kwa sababu joto na jua huiua nguvu. Maua tunayamwagia maji kabla na baada. Dawa inakaa dakika 10 hadi 15 bila kukauka, kwa hiyo ukuta unaopigwa na jua la mchana hatuugusi. Fremu za alumini tunazisuuza mapema, maana jiki ikikaukia hapo inaacha mabaka meupe yasiyotoka.

Kuna nyumba Kigamboni tuliitwa baada ya mambo kuharibika. Mwenye nyumba alimpa kijana wa bustani jiki isiyotiwa maji, kijana akaongeza dawa ya choo "iwe kali". Dawa ile ilikuwa ya asidi, na asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini. Kijana alitoka nyuma ya nyumba anakohoa, macho yamevimba, akakimbizwa zahanati. Tulikuta ndoo palepale alipoiacha, na bougainvillea ya ukutani imegeuka kahawia yote. Kupaka rangi upya kulimgharimu mwenye nyumba mara kadhaa ya bei yetu.

Mteja wa Mbezi tulimwomba apitishe kiganja ukutani. Kilitoka kikavu, safi. Tumekubaliana hivi: ukungu ukirudi pale kabla masika ijayo haijaisha, tutauosha bure.