Kabla hujafunga bandeji kwenye ekzosi, tafuta bati lako

Mwezi uliopita aliingia gereji dereva wa Hiace, ameshika taulo lililokunjwa mara nne. Taulo hilo ndilo alikuwa anakalia. "Fundi, nakaa juu ya jiko," akasema. "Nifungie ile bandeji ya ekzosi, nasikia inakata joto."

Hiace unaijua, injini iko chini ya siti za mbele. Tukanyanyua siti, tukamulika kwa tochi. Kwenye manifoldi ya ekzosi, ile mabomba ya chuma yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini, palikuwa na matundu ya bolti yamekaa wazi, hayashiki kitu. Bati la kukinga joto halikuwepo, na ule mkeka mzito unaokaa chini ya mfuniko wa injini ulikuwa umeliwa nusu. Tulikata bati jipya, tukaliacha mbali kidogo na chuma, tukabadilisha mkeka. Bandeji hatukumuuzia, ingawa rafuni ipo.

Nalieleza hili kwa sababu bandeji siku hizi imekuwa fasheni, na wengi wanaoiulizia kwetu shida yao ni hilo bati. Gari la Kijapani linatoka kiwandani nalo. Likikaa miaka kadhaa, bolti zinaoza, bati linaanza kupiga kelele kama sufuria yenye sarafu ndani. Dereva analalamika, fundi analing'oa, kelele zinaisha na wote wanafurahi. Baada ya miezi michache waya zilizo jirani zinakauka na kukatika, mpira wa rejeta unakuwa mgumu, na hakuna anayekumbuka lile bati. Kelele zake zilitaka washa pana (kile kipete cha chini ya bolti) na bolti mpya tu. Bati lenyewe ni jembamba, lakini pamoja na nafasi ya hewa iliyoachwa nyuma yake linazuia joto kuliko unavyodhani.

Sasa bandeji yenyewe. Ni utepe uliofumwa kama utambi wa jiko la mafuta ya taa, mara nyingi upana wa inchi 2 na roli la mita 15. Ya bei nafuu ni ya nyuzi za kioo. Ile ya rangi ya dhahabu inayoitwa ya titani, nyingi humo ndani ni nyuzi za basalti, jiwe la volkano, ndugu wa mawe unayoyakanyaga ukipanda Kilimanjaro. Jina la titani ni la kuuzia.

Kazi yake ni kuzuia joto lisitoke kwenye bomba. Moshi wa injini ya petroli inayovuta kwa nguvu unaweza kupita nyuzi joto 800 za Selsiasi. Ukibaki na joto lake unakimbia haraka zaidi, kwa hiyo kwenye gari lenye tabo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, bomba la kuelekea kwenye tabo likifungwa, tabo inaamka mapema kidogo. Na hewa iliyo chini ya boneti inapoa. Hayo ni kweli, na ndiyo maana magari ya mashindano yanafungwa bandeji.

Ila joto halijapotea, limebaki kwenye chuma. Gari la mashindano linafunguliwa kila mara, na manifoldi ikichoka inatupwa. Wewe unataka yako ikae miaka 10. Manifoldi ya chuma cha kumimina iliyokwishazeeka, ukiifunga, inapata joto zaidi ya iliyozoea na inaweza kupasuka, hasa pale mabomba yanapokutana. Ya chuma cha kawaida inaoza. Huku Pwani ndiyo balaa: bandeji inanywa maji ya madimbwi wakati wa masika, hewa yenyewe ina chumvi, gari likilala linalala na kitambaa kibichi kwenye chuma. Tumewahi kufungua moja, chuma kikawa kinamenyeka tabaka kwa tabaka kama kitunguu.

Jambo la pili ni oili. Gaskiti ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, ikivuja, matone yanadondokea ekzosi. Kwenye chuma kitupu yanaungua, unasikia harufu, unakuja gereji. Kwenye bandeji yanafyonzwa, yanakusanyika kimyakimya, siku yakishika moto unao mwenge chini ya boneti. Gari linalovuja oili hatulifungi, hata ukituongezea hela. Ziba kwanza.

Na kama manifoldi inawaka nyekundu ukiwa kwenye foleni tu, hiyo ni dalili ya ugonjwa. Huenda masega, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi, yameziba, au moto wa plagi unachelewa, au petroli inayoingia ni chache kuliko hewa. Kuifunga ni kumfunika mgonjwa wa homa blanketi la pili.

Kwa hiyo tunafunga wapi? Mabomba ya stenlesi yaliyotengenezwa maalumu, bomba la kwenda kwenye tabo, na sehemu inayopita karibu sana na waya au njia ya hewa pasipo nafasi ya bati. Masega hatuyafungi kamwe, na sensa ya oksijeni, inayopima moshi kwenye ekzosi, tunaiacha nje ya bandeji.

Kazi tunaifanya manifoldi ikiwa nje ya gari. Anayekuambia atafunga hapohapo bila kufungua atakufungia upande anaouona. Tunaisugua kwa brashi ya waya, tunatafuta nyufa, tunaweka gaskiti mpya. Bandeji ya nyuzi za kioo tunailoweka maji kwanza ili inyooke, ibane vizuri na isirushe vumbi, kwa sababu nyuzi zake zinawasha kuliko upupu. Kila mzunguko unapanda juu ya mwenzake robo inchi, mkono unavuta muda wote, na mwisho unabanwa kwa bendi za stenlesi. Waya wa kujengea nyumba tumeuona kwenye kazi za watu, na tumeukuta umekatika. Tabaka ni moja tu. Ukiona mtu anarudia la pili ili "ikae poa", mzuie.

Ukiwasha mara ya kwanza itatoa moshi, wakati mwingine dakika 20 au zaidi. Usiogope, ila ukae nje na boneti wazi. Baada ya siku chache urudi tukaze bolti tena.

Ukija, njoo asubuhi gari likiwa limelala. Likitoka Mbagala moja kwa moja mpaka kwetu, tutakaa wote kwenye benchi zaidi ya saa nzima tukisubiri chuma kipoe, na chai ya jirani inaisha saa nne.