Barua kwa rafiki anayeanza kugawa dawa wodini

Mpendwa Zawadi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, kwa sababu swali uliloliweka mwishoni, kama hofu ya kugawa dawa huisha, ndilo lililonisumbua nilipokuwa mwanafunzi, na sikupata mtu wa kumwuliza. Hofu hupungua, rafiki yangu, lakini sikuombei iishe yote. Siku utakapojikuta unagawa dawa huku mawazo yako yapo kwingine, simamisha toroli uanze upya.

Umeniambia kwamba umekwisha kukariri yale mambo matano ya kuhakikisha: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Nakupongeza, ila kukariri ni jambo moja na kuhakiki ni jambo jingine. Mimi pia niliyakariri barabara, na bado ilikuja asubuhi ambayo nusura nimchome mgonjwa sindano isiyokuwa yake.

Ilikuwa wodi ya wanaume, nayo ilikuwa imejaa. Wagonjwa wawili walifanana jina la kwanza na la pili. Mmoja alikuwa na kisukari na alilala karibu na dirisha. Usiku hali yake ilibadilika, wauguzi wa zamu wakamhamishia karibu na meza yao, na kitanda chake akapewa mwenzake, mzee aliyekuwa akisubiri upasuaji wa mguu. Mimi niliingia zamu nikiwa na kumbukumbu ya jana. Nilichota insulini mbele ya muuguzi aliyenisimamia, tukalinganisha kichupa na karatasi ya dawa, tukaona kila kitu ni sawa, nikaenda moja kwa moja dirishani. Nikauliza, "Mzee, wewe ndiye fulani?" Akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimekwisha kumpangusa ngozi ya tumbo, na pamba ilikuwa bado mbichi kati ya vidole vyangu, ndipo aliposema, "Mwanangu, mbona mimi nimelazwa kwa ajili ya mguu, hii ya tumboni ni ya nini?" Nikarudisha mkono. Nilipogeuza mkanda wa mkononi mwake niliona kwamba jina la tatu halikuwa lile na namba ya faili haikuwa ile. Mzee yule hakuwa na kisukari, na tena alikuwa hajala tangu usiku kwa sababu ya upasuaji. Insulini ile ingeweza kuishusha sukari yake ya damu hadi apoteze fahamu, hata kufa.

Tangu siku hiyo siulizi tena "wewe ndiye fulani?" Mgonjwa aliyechoka, mwenye maumivu, asiyesikia vizuri au anayekuheshimu kupita kiasi ataitikia jina lolote utakalomtajia. Uliza, "Jina lako kamili ni nani?" kisha, "Ulizaliwa lini?" na ulinganishe majibu yake na mkanda pamoja na karatasi ya dawa, hata akiwa mgonjwa uliyemwogesha jana. Mazoea yana taabu, na katika kazi yetu taabu hiyo humwangukia mtu mwingine. Namba ya kitanda si utambulisho. Hapo hapo mwulize kama kuna dawa inayomdhuru, hata kama faili halitaji mzio wowote. Na mgonjwa akikuuliza kwa nini kidonge cha leo ni chekundu wakati cha jana kilikuwa cheupe, usimjibu kwamba ndivyo daktari alivyoandika. Rudi kwenye karatasi na kwenye pakiti ukaangalie, kwa sababu yeye ndiye mtu wa mwisho anayeweza kulizuia kosa, nawe ukimnyamazisha umekiondoa kizuizi hicho kwa mikono yako.

Kusoma lebo mara tatu, yaani unapoitoa dawa rafuni, unapoitayarisha na unapokuwa kando ya kitanda, bila shaka mmekwisha kufundishwa, kwa hiyo sitalirudia. Nitasema zaidi kuhusu hesabu, maana umekiri kwamba zinakutia wasiwasi. Shida kubwa ya wanafunzi si kutojua kanuni, bali ni kuliamini jibu la kikokotoo kabla ya kulitazama. Mtoto ana kilo 12, ameandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, na dawa ya maji uliyo nayo ina miligramu 120 katika mililita 5. Anahitaji miligramu 180. Kabla hujagusa kikokotoo, jiambie kwamba 180 ni mara moja na nusu ya 120, kwa hiyo ujazo lazima uwe mara moja na nusu ya mililita 5, yaani 7.5. Ukikosea nukta ukapata 75, utashtuka, kwa kuwa ulikwisha kuwa na makisio. Vivyo hivyo, hesabu ikikutaka ufungue ampuli, vile vichupa vidogo vya dawa ya sindano, tano au sita kwa dozi moja ya mgonjwa mmoja, weka kila kitu chini na umwite mtu.

Nukta yenyewe iandike kwa uangalifu. Nusu miligramu huandikwa 0.5, kwa sababu ukiacha sifuri ya mbele, nukta hufifia na mwenzako akasoma 5. Na miligramu tano huandikwa 5 tu, kwa sababu 5.0 husomeka 50. Yuniti za insulini ziandike kwa neno zima, maana herufi U iliyoandikwa haraka hufanana na sifuri, na yuniti 10 zikageuka 100. Tena insulini ipimwe kwa bomba lake la sindano lenye alama za yuniti, si kwa bomba lolote lililo karibu. Miligramu moja ni mikrogramu 1000, na anayechanganya vipimo hivyo viwili hukosea mara elfu.

Kuna dawa ambazo ningependa uziogope waziwazi. Potasiamu kloridi iliyokolea lazima izimuliwe na iingie polepole, na haisukumwi kamwe moja kwa moja mshipani, kwa kuwa husimamisha moyo. Vinkristini, dawa ya saratani, hutolewa kwenye mshipa wa damu tu. Imewahi kuingizwa kimakosa kwenye uti wa mgongo, na karibu kila mara matokeo yake ni kifo. Mgonjwa anaweza kuwa ndiye, dawa ikawa ndiyo, dozi ikawa ndiyo, na njia peke yake ikamwua. Kwa dawa kama hizi, pamoja na insulini, heparini ya kuzuia damu kuganda na morfini ya maumivu makali, omba mtu wa pili ahakiki, naye apige hesabu yake bila kulisikia jibu lako, kisha afuatane nawe hadi kitandani. Siku ile yangu tulikuwa wawili, lakini uhakiki wetu uliishia mezani.

Sahihi yako iwekwe baada ya mgonjwa kumeza, si kabla, na vidonge visiachwe juu ya kabati lake kwa ahadi kwamba atavinywa baadaye. Akikataa, andika kwamba amekataa na sababu aliyoitoa, kisha umjulishe daktari.

Ukikosea, sema mara moja, kwanza kwa ajili ya mgonjwa, ambaye huenda bado anaweza kusaidiwa. Mimi nilijaza fomu ya tukio ingawa dawa haikuingia, na msimamizi wangu aliuliza zaidi jinsi ilivyotokea kuliko nani aliyefanya. Wiki hiyo hiyo mafaili ya wagonjwa wenye majina yanayofanana yakaanza kubandikwa karatasi ya rangi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha kampeni yake ya matumizi ya dawa bila madhara, likilenga kupunguza kwa nusu madhara makubwa yanayoepukika ndani ya miaka mitano, halikuishia kwa mtoa dawa peke yake. Liligusa pia lebo, maandishi, mifumo ya kazi na mgonjwa mwenyewe. Ukificha kosa, hakuna atakayebandika karatasi yoyote.

Sasa lile uliloniambia kwa aibu, kwamba muuguzi mmoja alikukabidhi bomba lililokwisha kujazwa akakuambia, "Kampe yule wa kitanda cha nne." Usimpe. Hukukiona kichupa, hukujua kilichochotwa, na sahihi itakuwa yako. Najua ni vigumu kumkatalia mkubwa wako, tena mbele ya watu, kwa hiyo usimkatalie, mwambie kwa heshima, "Sista, naomba tuitayarishe pamoja nijifunze." Mimi nimelitumia neno hilo mara nyingi, na aliyekasirika alikuwa mmoja tu, na hata yeye aliitayarisha upya.

Katika barua yako ijayo niletee jibu la hesabu hii: dripu ya mililita 1000 iishe kwa saa 8, na mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita; ni matone mangapi kwa dakika? Andika kwanza makisio yako, kisha jibu lenyewe, nione vimeachana kiasi gani.

Ni mimi rafiki yako,
Neema