Kwenu mafundi vijana wa Bweyale, Kigumba na Karuma

Wanangu, assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Nawaandikia ninyi mnaochomelea milango kando ya barabara ya Gulu na mnaofungua injini za bodaboda chini ya miembe. Fedha za serikali za mafunzo na mitaji zimepita kwetu mara nyingi, na kila zikipita nasikia swali lile lile: kila mtu atapata ngapi? Swali hilo ndilo linalotumaliza.

Emyooga, mpango wa serikali ya Uganda wa kuwapa mitaji watu wa kazi moja, ilipoanza mwaka 2019, SACCO ya kila kazi katika jimbo ilitengewa shilingi milioni 30. Fanyeni hesabu wenyewe. Ikiwa na vikundi 30 ndani yake, kila kikundi kinapata milioni moja. Watu 15 wakiigawana, hakuna anayefikisha elfu 70. Kwa elfu 70 utanunua vijiti vya kuchomelea na mawe ya grainda, kazi itakwenda siku chache, kisha deni litabaki limekutazama. Milioni hiyo hiyo isipoguswa inanunua mashine ndogo ya kikundi, na mashine inafanya kazi hata siku wewe unaumwa. Msigawane. Anayetaka kugawana mwacheni aende zake mapema, kabla fedha haijaingia.

Lakini mashine peke yake haitoshi, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Wapo miongoni mwenu waliofunga nondo na kuchomelea mabomba pale Karuma miaka yote ya ujenzi wa bwawa la umeme. Bwawa limezinduliwa Septemba 2024, megawati 600, na wao wamerudi nyumbani na ujuzi mkononi bila karatasi hata moja. Kesho mwajiri wa Hoima akiuliza cheti, mikono yao haitasema kitu. Tangu sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2008, nchi yetu inamtambua hata aliyejifunzia kazini, awe aliachia shule P5, darasa la tano la msingi. Mtihani wake ndio huo mnaouita PAS, yaani wa ujuzi uliopatikana kwa vitendo. Msiuogope. Mtahini hataki insha. Anakupa vipande viwili vya chuma, anaangalia umevaa nini, unawashaje, unaondoaje magamba kwa nyundo, halafu chuma kinapindwa ionekane kama mshono utafunguka. Kazi hiyo mnaifanya kila siku, na wengine wenu mnaifanya vizuri kuliko waliosoma.

Mtihani wa kuchomelea mabomba ya mafuta ni mzito zaidi, sitawadanganya. Bomba linafungwa mshazari, digrii 45, na huruhusiwi kuligeuza. Ni wewe unayelizunguka, unachomelea juu, ubavuni, hadi chini umelala chali. Bomba la kutoka Hoima hadi Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na viungo vyake vinadai mkono uliopimwa. Kanuni za mwaka 2016 zimetenga baadhi ya huduma za mafuta kwa kampuni za Uganda, lakini kanuni haimchukui mtu asiye na cheti.

Na chuo kipo hapa hapa! Taasisi ya Petroli ya Kigumba ilianzishwa mwaka 2009, na wengi wenu mnapita langoni kwake mkienda sokoni bila kuuliza hata siku moja ndani kuna nini. Ilinufaika na mradi wa eneo la mafuta la Albertine, ambao Benki ya Dunia iliukopesha mwaka 2014. Mkopo ni wetu sote. Wajukuu wangu wataulipa, mkisoma msisome. Inaniuma sana kuona nafasi zinajazwa na watoto wa mbali wakati sisi tunauza chapati nje ya ukuta.

Hii milioni ya PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, ya kila kaya, yenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka, iacheni ifanye kazi ya nyumbani, mihogo au kuku. Msiichanganye na karakana.

Jambo la mwisho ni la ninyi kusimama. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini kikao cha bajeti cha wilaya hukaa miezi mingi kabla. Huko ndiko mambo yanakoamuliwa, na sijawahi kuona fundi mwenye ovaroli mle ndani. Chagueni watatu, mmoja wao awe binti, maana mabinti wanaochomelea wapo na mnawajua. Wapitie kwa LC1, mwenyekiti wa kijiji, na gomborora, ofisi ya kata, waombe kuhudhuria, kisha waulize kwa adabu: mwaka huu wilaya imepanga kuwapeleka mafundi wangapi kwenye mtihani, ada analipa nani, na majina yatabandikwa wapi. Wakijibiwa "tutaangalia," waombe tarehe, waiandike.

Wengine mnaogopa fomu kwa sababu ni za Kiingereza. Mimi nipo nyumbani kila siku baada ya magharibi. Njooni nazo, pamoja na kitambulisho cha taifa na barua ya LC1, tuzijaze pamoja.

Mzee wenu, fundi mstaafu, Bweyale