Ngozi nzima isitudanganye

Mhariri,

Majeruhi wa bodaboda au kipigo hapa Dodoma akifika kwetu matabibu na PF3 (fomu ya polisi ya kupimwa majeraha), kuandika "hana jeraha" kwa kutazama tu ni kumdhulumu. Damu iliyovuja ndani ya msuli huweza kuchukua siku moja hadi tatu kujitokeza, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hufichika. Tumia vidole: bonyeza taratibu, linganisha na upande wa pili joto, ugumu na uvimbe. Paja lipimwe mzingo kwa futi ya fundi cherehani, kisha lirudiwe baada ya saa 24 na 48, palepale. Tumbo gumu, bega la kushoto kuuma (huenda bandama imepasuka!) au mkojo kama chai ya rangi: hospitali mara moja.

Tabibu, Dodoma